Mchoraji aliyejifunza mwenyewe aulizwe anavyofanya kazi

Kwa Mhariri,

Kila baada ya muda magazeti yetu hubeba habari za kijana wa mtaani anayechora sura za watu bila kuwahi kukanyaga chuo cha sanaa. Habari zenyewe hufanana. Kijana alianza kwa kuchora ukutani kwa makaa, amejaliwa kipaji, amemchora kiongozi fulani kwa penseli na sasa anaomba wahisani wamfikishe kwa kiongozi huyo. Ni vizuri wachoraji kupewa nafasi gazetini. Ila msomaji humaliza habari hiyo bila kujua picha ile imetengenezwa vipi, na vijana wengine wanaoisoma huondoka na funzo moja: kwamba njia ya kusifiwa ni kunakili picha ya simu ya mtu maarufu mpaka kila unywele uonekane. Funzo hilo linawaharibia kazi wengi.

Kunakili picha humpa mtu uvumilivu na usafi wa mkono. Hakumpi jicho, kwa sababu kazi ya jicho imeshafanywa na kamera. Na kamera yenyewe hukosea. Simu ikishikwa karibu na uso, umbali wa mkono mmoja, pua huvimba, masikio hurudi nyuma na paji la uso hupinda. Taa ya simu ikiwaka, vivuli vyote hufutika na shavu huwa bapa. Uso mweusi ukipigwa dhidi ya anga nyeupe hugeuka shimo jeusi lisilo na umbo. Kijana anayenakili kwa uaminifu hunakili makosa haya yote, tena kwa usafi. Ikibidi picha itumike, mpiga picha asimame mita mbili au zaidi kisha avute kwa zumu, mtu akae kando ya mlango au dirisha ili mwanga umpige upande mmoja, na taa ya simu izimwe.

Baadhi ya waliotutangulia hapa nchini hawakupitia njia ya kunakili. Sane Wadu alikuwa mwalimu kabla ya kuacha chaki na kushika brashi. Joseph Bertiers aliandika na kuchora mabango ya biashara. Kikundi cha Maasai Mbili cha Kibera, kilichoanza 2001, kilitokana na vijana waliokuwa wakichora mabango. Uchoraji wa mabango ni shule kamili: unafundisha kupanga umbo kubwa kabla ya dogo, kulaza rangi bila kusita, na kumaliza kazi mwenye kinyozi akiwa amesimama anakutazama.

Anayetaka kuchora watu aanze kwa kuchora watu walio hai, kila siku, kwa muda mfupi mfupi. Kwa kinyozi ndipo pazuri zaidi, maana mteja hukaa bila kutikisika na mwanga hutoka mlangoni. Mama mboga hatulii, lakini mikao yake hujirudia: kuinama kwenye sukumawiki, kupima kwa mkono, kutoa chenji. Mchoraji aanze michoro minne au mitano kwenye karatasi moja, na kila mkao unaporudi aongeze mistari miwili mitatu kwenye mchoro wake. Saa moja baadaye ana michoro mitano yenye uhai ambayo hakuna picha ya simu ingempa. Aombe ruhusa kwanza. Watu wengi hukubali wakielezwa, na wasiokubali waachwe.

Karatasi isiwe kisingizio. Wapiga chapa wa River Road hubaki na vipande vinavyokatwa pembeni, na hivyo vinatosha. Makaa ya kuchorea hutengenezwa nyumbani. Vijiti vikavu visivyo na mafundo, unene wa penseli, humenywa maganda na kupangwa kwenye mkebe wenye kifuniko kilichotobolewa tundu moja dogo la msumari. Mkebe huwekwa ndani ya jiko linalowaka. Moshi hutoka kwenye lile tundu, kwanza mweupe na mzito, kisha mwembamba. Ukikoma, mkebe hutolewa na kuachwa upoe kabisa bila kufunguliwa. Hapa ndipo wengi hupoteza kazi: wakifungua mkebe ukiwa moto, hewa huingia, vijiti huwaka na kuwa majivu machoni pao. Kijiti kilichoiva hulia kidogo kikigongwa na huacha mstari mweusi bila kukwaruza. Kikikwaruza na kuacha kahawia, hakijaiva.

Kuhusu vipimo, kosa la kawaida kuliko yote ni macho kuwekwa juu mno. Macho hukaa katikati ya kichwa, nusu ya njia kutoka utosini hadi kidevuni. Anayeanza huona paji la uso ni tupu, halina cha kuchora, basi hulifupisha, na mtu huonekana kama fuvu lake limekatwa. Wenye nywele nyingi, rasta au kilemba huongeza utata, kwa kuwa utosi uko chini ya hivyo vyote. Kwanza utafutwe, ndipo nywele zijengwe juu yake. Kati ya macho mawili kuna nafasi ya jicho moja. Sikio huanza usawa wa nyusi na kuishia usawa wa chini ya pua. Mtu akitazamwa kwa upande, kina cha kichwa kutoka paji hadi kisogo hukaribia urefu wake, lakini wachoraji wengi hukata kisogo. Mikono nayo huchorwa midogo, wakati kiganja na vidole pamoja ni sawa na uso kutoka kidevuni hadi nywele zinapoanzia. Ukiona picha ambazo kila mtu ameficha mikono mifukoni, ujue mchoraji anaikwepa mikono.

Kipimo huchukuliwa kwa mpini wa brashi: mkono umenyooka, kiwiko kimekazwa, jicho moja limefungwa. Kiwiko kikilegea hata kidogo kipimo hubadilika na hesabu yote huharibika. Na ikiwa umbo linakataa kukaa sawa, mchoraji aache kumtazama mtu, atazame nafasi tupu zilizomzunguka: pembetatu kati ya mkono na kiuno, pengo kati ya shingo na bega. Nafasi hizo hazina jina, kwa hiyo akili haiingilii, na jicho huona kilichopo.

Jambo lingine ambalo vitabu hutupotosha ni mwanga. Vitabu vingi vya uchoraji viliandikwa Ulaya, navyo mara nyingi husisitiza dirisha linalotazama kaskazini, kwa kuwa kule jua la mchana hukaa kusini na dirisha hilo hupata mwanga usiobadilika. Nairobi iko kusini mwa ikweta kwa digrii moja na kidogo tu. Kuanzia karibu na katikati ya Machi hadi karibu na mwisho wa Septemba jua letu la adhuhuri liko kaskazini. Miezi iliyobaki liko kusini. Kwa hiyo dirisha la kaskazini ni zuri Desemba, na Juni huingiza jua moja kwa moja kwenye kanvasi. Mwenye bahati ya madirisha mawili abadilishe pande mara mbili kwa mwaka. Mwenye dirisha moja la mashariki afanye kazi alasiri, na mwenye la magharibi afanye asubuhi. Saa nyingine atandike kitambaa cheupe dirishani. Anayefanya kazi usiku chini ya balbu ya manjano hataona rangi zake. Ataongeza bluu kufidia umanjano wa balbu, na asubuhi uso aliouchora utakuwa wa mtu mgonjwa. Balbu nyeupe ya Kelvini 5000 (kipimo cha rangi ya mwanga) hupunguza tatizo, mradi mwanga uleule uangukie kanvasi na ubao wa kuchanganyia rangi.

Sasa kanvasi. Zilizo tayari madukani ni ghali na nyingi ni nyepesi, kwa hiyo wachoraji wengi hutengeneza zao kwa marikani. Marikani ifuliwe kwanza kwa maji moto ili wanga utoke na kitambaa kimalize kunywea. Fremu hutengenezwa kwa saiprasi ya inchi 2 kwa 1, iliyokauka. Mbao mbichi hupinda baada ya wiki chache na kona moja ya picha huachana na ukuta, na hapo hakuna dawa. Ukingo wa ndani upigwe randa uteremke kidogo kuelekea ndani, ili kitambaa kiguse mbao kwenye ukingo wa nje peke yake. Bila hivyo mstari wa mbao hujichora juu ya picha yote. Upande unaozidi sentimita 90 upate mbao ya katikati. Pini za stepla huanza katikati ya kila upande, kinyume kwa kinyume, kisha husogea kuelekea kona. Anayeanzia kona hupata mikunjo ambayo haitatoka.

Rangi ya mafuta haipakwi juu ya kitambaa kitupu, kwa sababu mafuta yake huozesha pamba. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, ni gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji kiasi sawa, ipite kote na ikauke. Kisha hufuata rangi ya msingi. Ile ya dukani ya wachoraji ndiyo bora. Wanaotumia rangi nyeupe ya maji ya ukutani, vikombe viwili kwa kimoja cha gundi na kimoja cha maji, wajue mpaka wake: rangi ya ukutani imejaa chokaa, na kanvasi ikikunjwa kama mkeka ili isafirishwe, hupasuka. Kazi ya namna hiyo ibaki kwenye fremu. Mikono miwili au mitatu hutosha, kila mmoja ukipigwa kinyume na uliotangulia, na msasa namba 220 katikati. Gundi ikizidi, uso huteleza na brashi haishiki.

Kabla ya kugusa kanvasi kubwa, mchoraji afanye picha ndogo ndogo za kiganja, za weusi, weupe na rangi moja ya katikati tu. Hapo ndipo picha huamuliwa: mwanga uko wapi, mtu amekaa upande gani, nini kiachwe nje. Picha isiyosomeka ikiwa ndogo haitasomeka ikiwa kubwa. Kisha mchoro huhamishwa kwa miraba. Mraba wa sentimita 2 kwenye karatasi ukiwa wa sentimita 10 kwenye kanvasi, picha imekua mara tano. Lakini pande ziwe na uwiano mmoja: karatasi ya A4 haiingii sawasawa kwenye kanvasi ya sentimita 60 kwa 90, na anayeilazimisha huishia na watu waliorefuka. Mistari ya makaa ipanguswe kwa kitambaa ibaki hafifu, la sivyo vumbi lake litachafua kila rangi nyepesi.

Rangi ya kwanza juu ya mchoro ni amba ya kuchoma, kahawia iliyokolea, iliyozimuliwa ikawa nyepesi kama chai ya rangi. Hutandazwa kote, kisha sehemu za mwanga hufutwa kwa kitambaa kabla haijakauka. Ndani ya nusu saa mtu ameshajitokeza, mwanga na kivuli, bila rangi nyingine. Baadaye brashi kubwa zaidi aliyo nayo mchoraji ipite picha nzima: ukuta, shati, uso, vyote pamoja. Anayeanza kwa kumaliza jicho moja na kope zake hugundua mwishoni kwamba jicho hilo zuri liko mahali pasipo pake, na hana moyo wa kulifuta.

Ngozi nyeusi ndiyo inayowashinda wengi, na sababu ni mirija miwili ya rangi: nyeusi na nyeupe. Ukiongeza nyeupe kwenye kahawia ili kuing'arisha, unapata majivu. Uso hupauka kama wa mtu asiyepaka mafuta. Rangi sita zinatosha: nyeupe ya titani, oka ya manjano, siena ya kuchoma (kahawia yenye wekundu), amba ya kuchoma, alizarini (nyekundu iliyokolea) na bluu ya ultramarini. Nyeusi hutengenezwa kwa amba na ultramarini. Ikizidi amba inakuwa ya joto, ikizidi bluu inakuwa ya baridi, na mchoraji huchagua. Kuinua ngozi kuelekea mwanga, tumia siena kwanza, kisha oka, na nyeupe ije mwisho, kidogo mno. Ule mng'ao wa paji la uso, mfupa wa shavu na ncha ya pua ni jambo lingine kabisa. Hiyo si rangi ya ngozi, ni anga inayojionyesha juu ya ngozi, kwa hiyo karibu na dirisha huelekea bluu na chini ya balbu huelekea manjano. Ngozi nyeusi huubeba mng'ao huu kwa nguvu kuliko ngozi nyeupe, na hapo ndipo utajiri wake ulipo.

Vivuli viwe vyembamba, vya amba na alizarini, rangi ya chini ionekane. Unene uwekwe kwenye mwanga. Tazama pia chini ya kidevu cha mtu aliyesimama nje: kuna wekundu unaopanda kutoka kwenye udongo, au rangi ya shati lake. Weupe wa jicho si mweupe; kope la juu huutia kivuli, na ni kijivu chenye kahawia. Meno vilevile. Anayepaka nyeupe safi hapo hupata mtu aliyeshtuka.

Akriliki, rangi inayozimuliwa kwa maji, hukauka kwa dakika chache, na ikikauka huwa nyeusi zaidi, kwa sababu gundi yake ni ya maziwa ikiwa mbichi na hutakata ikikauka. Rangi ijaribiwe kwanza pembeni na iachwe ikauke kabla ya kupelekwa usoni, na mchanganyiko uwe mwingi kuliko unaohitajika, maana kuupata tena ule ule ni shida. Rangi ya mafuta ina sheria zake. Haikauki kwa maji kutoka, hukauka kwa kunyonya hewa, kwa hiyo tabaka la chini liwe na mafuta machache na la juu mengi zaidi. Ukigeuza, la juu hukauka kwanza na la chini likijivuta hulipasua. Amba hukauka upesi, alizarini huchelewa. Mafuta ya kupikia hayakauki vizuri kamwe, na mafuta ya taa huacha utando unaodhoofisha rangi. Kinachotakiwa ni mafuta ya kitani na tapentaini. Rangi ya mafuta inaweza kupakwa juu ya akriliki, lakini akriliki juu ya rangi ya mafuta hubanduka. Na hili lisomwe na kila anayefanya kazi kwenye chumba cha mbao au mabati: vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vikirundikwa hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto bila kiberiti. Vitandazwe kimoja kimoja vikauke nje, au vitiwe kwenye ndoo ya maji.

Asiye na mwalimu anahitaji namna ya kujisahihisha. Kioo nyuma ya bega huonyesha picha ikiwa imegeuzwa, na jicho lililohama huonekana papo hapo. Kupindua kanvasi juu chini kunafanya kazi ileile. Kufumba macho nusu huondoa nywele na kope na kubakiza mwanga na kivuli. Kama sura haimtambulishi mtu hapo, maelezo madogo hayataokoa kitu. Kisha picha igeuzwe itazame ukuta siku kadhaa, ili baadaye ionekane kwa jicho jipya.

Kuona picha halisi pia ni sehemu ya kazi. Nairobi Gallery, katika jengo la 1913 kule Uhuru Highway, ina mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais wa Kenya na mkusanyaji wa sanaa, na Makumbusho ya Taifa huonyesha kazi za wachoraji. Picha halisi hutazamwa kwa pembeni, pua karibu na kanvasi kadiri mlinzi anavyoruhusu, ili kuona rangi ni nene wapi na nyembamba wapi. Simu haionyeshi hilo.

Kwa hiyo, Mhariri, mwandishi wenu akienda tena kumwona mchoraji wa namna hii, amwombe daftari za mwaka mzima, si picha iliyokamilika peke yake. Aulize mtu aliyechorwa alikaa wapi na kwa muda gani. Ageuze kanvasi aone nyuma: mbao, pini, na kama mafuta yamepenya kitambaa. Na chini ya picha mtakayochapisha, pamoja na jina la mchoraji, wekeni mwaka, vipimo kwa sentimita, aina ya rangi na kilichopakwa rangi hiyo. Mzazi anayetaka kumsaidia mtoto wake atajua cha kununua, na mnunuzi ataelewa kwa nini sura ya mama yake haiwezi kuwa tayari Ijumaa akiiagiza Jumatano.

Mchoraji,
Buruburu, Nairobi